Mzee au mzoefu? Namna ya kupima umri na uzoefu wa dume katika kujamiiana kwa nzi wa matunda

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na msemo huo hutolewa kwa kicheko pale mzee anapotangaza ndoa mpya. Kwa mdudu dume msemo huu ni nusu kweli, kwa sababu hamu ya kutongoza, uwezo wa kukubaliwa na uwezo wa kuzalisha ni mambo matatu ambayo hayazeeki kwa kasi moja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima kwa kutumia vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni, ukiwa na chupa, hamira, barafu, saa na subira ya wiki kama saba. Mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa chuo au mtu mwingine yeyote mwenye macho mazuri na mkono mwepesi anaweza kuufuata.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba umri na uzoefu huongozana kama mtu na kivuli chake. Dume mwenye siku 35 aliyeishi ndani ya chupa pamoja na wenzake amezeeka, lakini pia amejamiiana mara nyingi, amekataliwa mara nyingi zaidi, na amegombana na madume wengine juu ya chakula. Akishindwa na kijana wa siku saba, hatuwezi kusema kama kilichomshinda ni miaka yake au ni mambo aliyopitia. Karibu majaribio yote ya darasani niliyoyaona yakifanywa juu ya suala hili yaliharibika hapo, na langu la kwanza lilikuwa mojawapo: niliwaweka wazee kwa makundi ya ishirini kwa sababu chupa zilikuwa chache, nikawaweka vijana mmoja mmoja kwa sababu walifika baadaye na mirija mipya, kisha nikaandika ukurasa mzima kuhusu uzee.

Swali lenyewe lina uzito nje ya darasa. Katikati ya miaka ya 1990, mbung'o wa aina ya Glossina austeni waliangamizwa katika kisiwa cha Unguja kwa kuachia kutoka kwenye ndege zaidi ya madume milioni nane waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Jike wa mbung'o kwa kawaida hujamiiana mara chache tu, mapema katika maisha yake, kwa hiyo akimpata dume tasa uzao wake umekwisha. Hata hivyo dume aliyetoka leo kwenye pupa, yaani ganda ambamo buu hugeuka kuwa mdudu mzima, bado hajawa dume wa kutegemewa. Anahitaji siku kadhaa na mlo wa damu ndipo aweze kushindana na wa porini. Kwa mbu wa jamii ya Anopheles hali ni ya wazi zaidi, kwani dume hutoka majini akiwa na viungo vya uzazi vilivyogeuka, navyo huzunguka nyuzi 180 kwa muda wa siku moja hivi kabla hajaweza kujamiiana hata kama jike yuko mbele yake. Kwa wanaofuga wadudu kwa ajili ya kuwaachia, kujua siku ya kumwachia dume ni kujua kama fedha zimetumika au zimemwagwa.

Mdudu wa kutumia

Nzi ninayemkusudia ni Drosophila melanogaster, ambaye nitamwita drosofila: mwenye urefu wa milimita mbili na nusu hivi, mwili wa rangi ya asali na macho mekundu. Asichanganywe na yule nzi mkubwa anayetoboa maembe na kuyaozesha, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003 na ambaye wakulima pia humwita nzi wa matunda. Drosofila ni mwenyeji halisi wa bara hili. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na katika misitu ya Zimbabwe bado anaishi porini akitegemea matunda ya mng'ongo, ingawa dunia nzima inamfahamu kama mdudu wa maabara.

Kama kuna chuo kilicho karibu chenye maabara ya jenetiki, omba chupa moja yenye nzi. Utaokoa wiki mbili. Kama hakuna, ponda ndizi mbivu, nyunyizia hamira, weka ndani ya chupa yenye mdomo mpana na uifunike kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, tundu likielekea ndani. Siku mbili kivulini zinatosha. Utakaowapata si wa aina moja. Wenye mistari myeupe inayong'aa kutoka kichwani hadi mgongoni ni wa jenasi ya Zaprionus, nao ni wengi sana Afrika Mashariki, waachie. Wanaosumbua ni Drosophila simulans, kwa sababu majike wao hawatofautishiki kwa urahisi na wale unaowataka, na madume wao hutambulika kwa umbo la viungo vya uzazi chini ya hadubini. Njia ya uhakika ni kumweka kila jike ndani ya chupa yake, kusubiri wanawe wa kiume, kuwakagua, na kubakiza familia za melanogaster peke yake. Baada ya hapo changanya familia kumi au zaidi ili usije ukapima tabia ya ukoo mmoja ukadhani ni tabia ya umri.

Chakula hupikwa kama uji mzito. Kwa lita moja ya maji tumia gramu 80 za unga wa sembe, gramu 60 za sukari, gramu 15 za hamira kavu na gramu 8 za agari, yaani unga wa kugandishia unaotokana na mwani. Ukipoa kidogo ongeza vijiko viwili vikubwa vya siki ili kuzuia ukungu, kisha umimine kina cha sentimita mbili ndani ya kila chombo. Funika kwa kitambaa mpaka ugande, kwa sababu nzi wa jikoni kwako hawatasubiri kukaribishwa.

Joto ni jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa katika nchi za baridi hailisemi vya kutosha. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi yai huanguliwa baada ya siku moja hivi, na nzi mzima hutoka kwenye pupa siku ya kumi. Arusha au Nairobi, katika chumba cha nyuzi 18 hadi 20, safari hiyo huchukua wiki mbili na nusu au zaidi. Dar es Salaam na Mombasa tatizo ni kinyume chake: drosofila dume aliyelelewa katika nyuzi 30 au zaidi anaweza kuwa tasa kabisa, huku akitongoza kama kawaida. Weka chupa sakafuni katika chumba chenye hewa, au ndani ya boksi la kuhifadhia baridi lenye chupa ya maji baridi inayobadilishwa asubuhi na jioni, na uandike joto la kila siku. Kundi moja la umri likipitia wiki ya joto kali na jingine lisipitie, hutakuwa unapima umri tena.

Kutenganisha madume na majike

Dume ni mdogo kuliko jike, ncha ya tumbo lake ni ya mviringo na nyeusi, na kwenye miguu ya mbele ana kijichanuo cheusi kinachoonekana kwa kioo cha kukuza. Tumbo la jike huishia kwa ncha kali na lina mistari mpaka mwisho. Nzi aliyetoka kwenye pupa saa chache zilizopita ni mweupe, amevimba kidogo, na tumboni ana doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi. Rangi haijashika, kwa hiyo hapo tegemea vijichanuo kuliko weusi wa tumbo.

Majike wote wa jaribio lazima wawe bikira. Dume wa drosofila hawezi kujamiiana katika saa nane za kwanza za maisha yake kwa nyuzi 25, na hilo ndilo linalotusaidia: mwaga nzi wote wazima waliomo ndani ya chupa asubuhi, rudi kabla ya saa nane kupita, na majike utakaowakuta watakuwa hawajaguswa. Waweke wawili watatu katika mrija wenye chakula kwa siku nne kabla ya jaribio. Jike bikira anaweza kutaga mayai yasiyorutubishwa, kwa hiyo yai si ushahidi; lakini ukiona buu hata mmoja akitambaa ndani ya mrija, wote waliomo hawafai.

Ili kuwatenganisha, wapoze. Weka sahani ndogo ya kioo juu ya barafu, wamimine humo, na wasogeze kwa brashi laini ya kuchorea. Kazi imalizike katika dakika chache. Baridi na hewa ya kaboni inayotumika maabarani huvuruga tabia ya kujamiiana, kwa hiyo hakuna nzi anayepaswa kupozwa siku ya jaribio wala siku iliyotangulia. Siku hizo hamisha nzi kwa mrija wa kunyonyea: mpira mwembamba wenye kipande cha chandarua katikati, unyonye taratibu, upulize aende unakotaka. Chandarua kisisahaulike. Niliwahi kukisahau.

Kutenga umri na uzoefu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Unahitaji makundi manne ya madume: vijana wasio na uzoefu, vijana wazoefu, wazee wasio na uzoefu, na wazee wazoefu. Ukiwa na mawili tu, kijana bikira kwa upande mmoja na mzee aliyeishi na majike kwa upande wa pili, hutaweza kutoa hitimisho lolote hata ukirudia mara mia.

Ujanja ni kuutendea uzoefu kama dozi ya dawa, yaani kila dume mzoefu apate kiasi kilekile, siku ileile, na apumzike muda uleule kabla ya jaribio, awe kijana au mzee. Kalenda ninayoitumia ni hii. Siku ya kwanza nakusanya madume watakaokuwa wazee. Siku ya 28 nakusanya madume watakaokuwa vijana, pamoja na majike bikira wa kutolea uzoefu. Siku ya 31, nusu ya wazee na nusu ya vijana, waliochaguliwa kwa kura, wanapewa kila mmoja majike bikira wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa saa mbili kila mmoja. Nusu nyingine wanahamishwa kwa mrija wa kunyonyea mara zilezile na kuwekwa katika mirija mitupu, ili usumbufu wa kuhamishwa uwe sawa kwa wote. Siku hiyohiyo ya 31 nakusanya pia majike bikira watakaotumika katika jaribio lenyewe. Siku ya 35 ndiyo siku ya jaribio: vijana wana siku saba, wazee wana siku 34, majike wana siku nne, na kila dume mzoefu amepumzika siku nne.

Mapumziko hayo yana sababu. Manii ya drosofila yana urefu wa karibu milimita 1.8, ambao ni zaidi ya nusu ya urefu wa dume mwenyewe, na kwa ndugu yake Drosophila bifurca hufikia kama milimita 58. Mali ya namna hiyo haitengenezwi kwa usiku mmoja. Pamoja na manii, dume humpa jike protini za tezi zake, mojawapo ikiwa peptidi, yaani protini fupi, inayomfanya jike akatae madume wengine kwa takriban wiki moja na kutaga mayai kwa wingi. Dume aliyetoka kujamiiana mfululizo huishiwa na vyote viwili. Ukimpima siku ya pili yake utadhani uzoefu umemharibu, kumbe amechoka tu kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

Kila dume akae peke yake katika mrija wake tangu siku ya kwanza, na chakula kibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne. Tukubaliane, hata hivyo, kwamba kukaa peke yake nako ni uzoefu. Amanda Bretman, Claudia Fricke na Tracey Chapman walionyesha mwaka 2009 kwamba dume wa drosofila aliyewahi kukaa na wapinzani kabla ya kukutana na jike hujamiiana kwa muda mrefu zaidi na hupata watoto wengi zaidi kuliko aliyekaa pekee. Hakuna njia ya kumlea dume pasipo historia yoyote. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba historia hiyo ni moja kwa makundi yote manne isipokuwa katika lile jambo unalolipima.

Neno uzoefu lenyewe linahitaji kufafanuliwa kabla hujaanza, kwa sababu kuna uzoefu wa namna nyingi na matokeo yake hupingana. Hapo juu nimechagua uzoefu wa kufanikiwa. Unaweza badala yake kuchagua uzoefu wa kukataliwa: mfungie dume kwa saa moja pamoja na jike aliyekwisha kujamiiana, ambaye atampiga mateke na kumkimbia, halafu umpe jike mwingine. Mwaka 1979 Richard Siegel na Jeffrey Hall walieleza kwamba dume wa namna hiyo hupunguza kutongoza kwa saa kadhaa, hata mbele ya jike bikira ambaye kwa kawaida angemchangamkia. Hapa hakuna siku nne za mapumziko; funzo hilo hufifia haraka, na jaribio lifanywe mara baada ya somo. Reuven Dukas wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, alionyesha mwaka 2004 kwamba madume waliokataliwa na majike wa aina nyingine ya drosofila hujifunza kutowapotezea muda majike wa aina hiyo. Uzoefu wa namna hii unampunguzia dume juhudi zisizo na faida, kwa hiyo ukihesabu juhudi peke yake utamwona kama mvivu.

Kwa wadudu wengine uzoefu unaoamua mambo si wa mapenzi kabisa. Nyenje dume aliyeshindwa vitani hukwepa kila mpinzani kwa saa nyingi, lakini akirushwa hewani na kuruka kidogo ukali wake hurudi. Wachezeshaji wa mapigano ya nyenje nchini China walilijua hilo tangu zamani, na wanasayansi walilithibitisha mwaka 2000. Na yule nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, dume akila kemikali iitwayo methili-eujenoli inayopatikana katika baadhi ya maua na mimea yenye harufu, huigeuza kuwa feromoni, yaani harufu ya kuvutia majike, na kisha kuwashinda wenzake ambao hawakuipata. Mlo mmoja tu umebadilisha bahati yake. Dume aliyeishi muda mrefu ana nafasi zaidi ya kuupata mlo huo, na mtazamaji asiye makini angesema majike wanapenda wazee.

Kuhusu idadi, lenga madume 40 kwa kila kundi siku ya jaribio. Kwa vijana anza na 50. Kwa wazee anza na angalau mara mbili ya unaowahitaji, kwa sababu wengine watakufa, wengine watanasa kwenye chakula na wengine watatoroka. Andika wangapi walikufa. Wazee utakaowapima si sampuli ya madume wote wa siku ya kwanza. Ni wale waliostahimili, na huenda walikuwa imara kuliko wenzao tangu mwanzo. Iwapo nusu ya wazee wako walikufa njiani, sema hivyo wazi katika ripoti, na usilinganishe wazee hao na vijana kana kwamba wametoka katika mfuko mmoja.

Siku ya jaribio

Anza asubuhi, mara baada ya kupambazuka, maana drosofila huchangamka zaidi saa hizo na mchana hulala kama askari wa zamu. Mtu mmoja aandike namba kwenye mirija na kuficha orodha inayoonyesha namba ipi ni ya kundi lipi. Mtazamaji asiijue mpaka mwisho. Wengi huona hatua hii ni urasimu. Lakini mtu anayeamini kwamba wazee ni wazito atasubiri sekunde tano zaidi kabla ya kuandika kwamba mzee ameanza kutongoza, na atafanya hivyo bila kujua.

Tumia vyumba vidogo vya upana wa sentimita mbili hivi, kama mrija mfupi uliofungwa kwa pamba iliyosukumwa ndani. Tanguliza jike, mpe dakika tano atulie, kisha mwingize dume na uanze saa. Yatakayofuata yana mpangilio maalumu: dume hugeuka kumwelekea jike, humfuata, humgusa kwa mguu wa mbele, hunyoosha bawa moja na kulitetemesha, na tetemeko hilo ndilo wimbo wake, kisha humlamba nyuma na kujaribu kumpanda. Jike asiyetaka hukimbia, hupiga mateke au husukuma nje mrija wake wa kutagia. Andika dakika ya wimbo wa kwanza, dakika ya kupanda kulikofanikiwa, na dakika ya kuachana. Kujamiiana kwenyewe huchukua dakika 15 hadi 20, kwa hiyo mtazamaji mmoja anayepita kila baada ya dakika mbili anaweza kusimamia jozi ishirini. Baada ya dakika 120 simamisha. Jozi zilizoshindwa zisifutwe kwenye daftari; ziandikwe kwamba hazikujamiiana ndani ya dakika 120, maana dume aliyeshindwa ni jibu kama alivyo aliyefaulu.

Jaribio la jozi moja moja linakueleza kama dume anaweza. Halikuelezi kama angechaguliwa. Kwa hilo fanya siku nyingine jaribio la ushindani, ambapo jike mmoja anawekwa pamoja na madume wawili. Ili kuwatambua, walishe usiku wa kuamkia jaribio chakula kilichotiwa rangi ya keki, mmoja nyekundu na mwingine buluu. Rangi huonekana tumboni kupitia ngozi. Katika nusu ya majaribio wazee wapewe nyekundu na katika nusu nyingine buluu, ili rangi isije ikahesabiwa kama umri. Usikate ncha za mabawa kama alama, ijapokuwa baadhi ya vitabu vya zamani vinashauri hivyo. Bawa ndilo ala ya wimbo, na dume mwenye ala iliyokatwa ameshindwa kabla ya ngoma kuanza. Badilisha kigezo kimoja kwa wakati: mzee bikira dhidi ya kijana bikira, au mzoefu dhidi ya bikira wa umri uleule.

Majaribio haya mawili yanaweza kutoa majibu tofauti bila lolote kati yao kuwa na kosa. Mfano ninaoupenda ni kipepeo wa kahawia wa savana za Afrika, Bicyclus anynana, ambaye koo zake za maabara zilianzia kwa majike waliokamatwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Klaus Fischer na wenzake walipowaweka madume wazee na vijana washindane, wazee walipata majike zaidi, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba dume aliyebakiwa na siku chache hung'ang'ania zaidi kwa sababu hana cha kuweka akiba. Caroline Nieberding na wenzake, walioangalia feromoni za madume wa kipepeo huyohuyo, waliona kwamba mchanganyiko wake hubadilika kadiri dume anavyozeeka, na kwamba majike walielekea kwa madume wa umri wa kati. Ung'ang'anizi wa dume na upendeleo wa jike ni mizani miwili. Kabla hujaandika kwamba wazee wanashinda, jiulize ni nani kati ya hao wawili aliyeamua.

Kusoma matokeo

Tuseme katika mashindano 60 kati ya wazee bikira na vijana bikira, vijana walijamiiana mara 39 na wazee mara 21. Kama umri haujalishi ungetarajia 30 kwa 30. Tofauti ni 9 kila upande. 9 mara 9 ni 81, gawa kwa 30 upate 2.7, jumlisha pande zote mbili upate 5.4. Kipimo cha kai-mraba kwa hali kama hii kinataka namba izidi 3.84 ili tofauti ihesabiwe kuwa si ya bahati tu katika kiwango cha asilimia 5, kwa hiyo hapa umri una athari. Laiti vijana wangeshinda 35 kwa 25, namba ingekuwa 1.67, na mtu mwaminifu angenyamaza au angeongeza idadi.

Kwa jaribio la jozi, chora makundi manne kwenye karatasi, umri ukiwa chini na asilimia ya waliofaulu ikiwa pembeni, kisha unganisha mabikira kwa mstari mmoja na wazoefu kwa mstari wa pili. Mistari ikishuka sambamba kutoka kwa vijana hadi kwa wazee, uzee una gharama yake na uzoefu una mchango wake, kila kimoja kwa njia yake. Mstari wa wazoefu ukishuka kwa kasi kuliko wa mabikira, umegundua jambo zito zaidi, kwamba mzee hulipia kujamiiana kuliko kijana anavyolipia. Kwa drosofila jambo hili lina ushahidi: utafiti uliochapishwa na watafiti wa Oxford mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuzorota kwa manii na kwa protini za dume mzee kunategemea sana ni kiasi gani amekuwa akijamiiana. Mistari ikikatana, rudia jaribio zima kwa kizazi kipya kabla ya kumweleza mtu. Kwa kweli kila matokeo yarudiwe angalau mara mbili, kwa sababu wazee na vijana wako hawakutoka katika chupa moja siku moja, na chupa mbaya inaweza kujifanya umri.

Hesabu watoto pia. Kila jike aliyejamiiana ahamishiwe katika chupa yake yenye chakula kipya, atage kwa siku tatu, kisha atolewe. Hapo ndipo utakapokutana na madume waliotongoza vizuri, wakakubaliwa, wakapanda kwa dakika zote zinazostahili, na wakaacha chupa tupu. Hao hupatikana zaidi miongoni mwa wazee, na hesabu ya kujamiiana peke yake ingewapa alama zote. Kwa nyuzi 25 watoto huanza kutoka siku ya kumi. Wahesabu kila asubuhi na uwatoe, na uache kuhesabu siku ya 18, kwa sababu siku chache baada ya hapo wajukuu nao huanza kutoka, na hakuna kioo cha kukuza kitakachokuonyesha yupi ni mtoto na yupi ni mjukuu.